Barua ya wazi kwa wakubwa wa kata na manispaa yetu: pale panaitwa Kwa Fundi

Shikamooni wakubwa. Mheshimiwa Diwani, Mkurugenzi wa Manispaa, watu wa mipango miji, na wewe Mwenyekiti wetu wa mtaa ambaye najua hii itakufikia kabla ya wote maana kuna mtu atakurushia kwenye grupu hata sijamaliza chai. Naomba mnisome mpaka mwisho, ni ndefu kidogo, ila ofisini nimekuja mara tatu na mara zote tatu nimeambiwa mhusika yupo kikaoni.

Ishu ni lile bango la bustani. Lipo ofisi ya serikali ya mtaa, limeegeshwa nyuma ya kabati, limefunikwa turubai la bluu linasubiri siku ya uzinduzi. Turubai lenyewe fupi, herufi za mwisho zimebaki nje, kwa hiyo mtaa mzima tunajua limeandikwa jina la nani. Silitaji hapa kwa sababu sina ugomvi na mheshimiwa huyo, ni mtu mzuri tu, pale kwetu amefika mara mbili ninazozijua mimi na mara moja kati ya hizo hakushuka kwenye gari. Ninachosema ni kwamba lile eneo lina jina tayari. Panaitwa Kwa Fundi. Mwambie bodaboda yeyote wa kijiwe cha pale juu akupeleke bustani mpya ya manispaa uone kama hajakuuliza ndo wapi huko, halafu mwambie nipeleke Kwa Fundi, anawasha pikipiki.

Kwa mliohamia kata yetu juzi juzi ngoja niwape historia kidogo. Pale zamani kwenye ramani palikuwa eneo la wazi, ila ukipita kwa miguu ni jalala. Juu kuna nyumba, chini kunashuka kwenda mtoni, na kila mvua ikipiga kipande kinaondoka. Ikaja ile mvua ya Desemba 2011 ambayo mtu wa Dar hahitaji kukumbushwa, Jangwani ikawa bahari, watu wakafa, wengine wakahamishiwa Mabwepande wakaanzia maisha kwenye mahema. Sisi hatukuhamishwa, ila udongo wa pale ulishuka na takataka zake zote ukaingia kwenye vyumba vya watu wa bondeni, mimi nilikuwa darasa la nne na nakumbuka baba anachota tope kwa karai usiku kucha huku redio inaongea.

Baada ya pale ndo mzee mmoja, fundi mwashi, akaanza kujenga ukuta. Hakuna aliyemwita. Sio mzaliwa wa hapa, alikuja mjini akiwa kijana kutokea kusini akaanza kama saidia fundi, kubeba zege kubeba maji, baadaye akashika mwiko wake mwenyewe, na nikisema nusu ya nyumba za mtaa wetu amezigusa sitanii, hata ofisi ya mtaa ambayo bango limelala ndani yake lipu ya ukuta wa nyuma ni ya kwake. Sasa huyu mzee kwenye kila saiti aliyomaliza alikuwa anamuomba bosi kitu kimoja tu, masalia. Nusu mfuko wa simenti ambao ukiacha wiki mbili unaganda, vipande vya nondo, tofali zilizovunjika kona, kokoto za chini ya lundo zile zilizochanganyika na mchanga, mawe ya Kunduchi yaliyozidi kwenye msingi, vigae ambavyo boksi halikuisha. Jioni anavipakia kwenye toroli anakuja navyo mdogo mdogo. Watu wakamcheka kwanza. Mwaka wa kwanza ilionekana kama mtu anahamisha takataka kutoka kwenye nyumba za watu kupeleka jalalani.

Ukaisha ukuta. Akaingia kwenye mabenchi, yapo saba mpaka leo na hakuna yanayofanana, maana kila moja limetoka kwenye masalia ya nyumba tofauti. La tatu ukitokea getini lina vigae vya pinki, vile ni vya bafu la mama mmoja jirani yetu, na mpaka leo akikaa pale na wageni anawaambia karibuni bafuni kwangu. La mwisho kule chini ya mkungu lina tofali za inchi sita upande mmoja na za inchi tano upande mwingine, ukikaa unajiona umeegemea kushoto, mzee anasema hilo ndo la wapenzi. Miti alipanda mwenyewe, miarobaini na mikungu, na kuna mtu alimletea miche ya ashoki akaikataa, akasema ashoki mti wa kupigia picha, hauna kivuli, mtu akitoka juani na ndoo kichwani utamkalisha wapi?

Mimi naingia hapa kama shahidi wakubwa, sio kama mtu aliyesimuliwa. Zege bichi linataka maji siku saba asubuhi na jioni, likikauka haraka linapasuka, na mzee hakuwa na hela ya kumlipa mtu wa kumwagilia, kwa hiyo alitutumia sisi watoto. Tukitoka shule kila mmoja na kidumu chake cha lita tano, unamwagilia benchi lako, ukimaliza unapewa barafu ya ukwaju. Mimi benchi langu ni la tano. Lina ufa mdogo pembeni kwa sababu siku moja nilienda kuangalia mpira nikasahau kumwagilia, na mzee kila akiniona mpaka leo na midevu yangu hii ananiuliza, "We mjukuu, lile benchi lako vipi, limepona?"

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, hapa naomba msiruke.

Mwaka jana manispaa mlileta mkandarasi kuikarabati bustani. Asanteni kwa taa, kwa kweli usiku sasa hivi mabinti wanapita pale bila kukimbia, na asanteni kwa bembea. Ila yule mkandarasi akaukuta ukuta wa mzee una matundu matundu, mabomba ya inchi mbili yamechomoza chini, mengine yanatoa majimaji yana kutu kidogo, akaona uchafu. Akaziba yote. Akapiga lipu juu, akapaka rangi ya kijani na nyeupe, akapiga picha, akaondoka. Mzee alikuwa amesafiri msibani huko kwao. Aliporudi akaenda kusimama pale akaweka kiganja kwenye ukuta kama mtu anapima homa ya mtoto, akasema neno moja tu, "Wameua."

Mimi sijasomea ujenzi ila hili alitufundisha tukiwa wadogo na nyie watu wa mipango mnalijua kuliko mimi. Ukuta wa kuzuia udongo hauangushwi na udongo, unaangushwa na maji. Mvua ikinyesha udongo wa nyuma unakunywa, unakuwa mzito, na yale maji yasipopata pa kutokea yanakaa nyuma ya ukuta yanausukuma, usiku na mchana, mvua imeisha lakini yenyewe bado yanasukuma. Ndo maana mzee nyuma ya ukuta alimwaga kokoto tupu kwanza kabla ya kurudishia udongo na akaacha zile bomba kila baada ya hatua moja, ili maji yashuke kwenye kokoto yatokee mbele. Ukuta ulisimama zaidi ya miaka kumi na mvua zote tulizopigwa nazo. Bila bomba umemaliza masika moja tu ukatoa tumbo. Nendeni mkaangalie, simameni pale kwenye geti mtazame ukuta kwa pembeni mtaliona lile tumbo, na kuanzia mwarobaini wa tatu kuna ufa unaoingiza vidole viwili.

Mnaona sasa kwa nini nang'ang'ania jina? Sio kwamba nataka mzee apewe sifa tu. Kama pale pangekuwa na kibao hata kidogo tu cha bati kinachosema ukuta huu umejengwa na fundi fulani wa mtaa huu, yule mkandarasi angeuliza huyu fundi anakaa wapi, nyumba ya tatu kutoka hapo, angeenda kumuuliza mzee haya matundu ya nini, asingeziba. Hakukuwa na jina popote kwa hiyo akaona ni vitu vimejiotea vyenyewe kama majani. Na mkiweka jina la mheshimiwa, siku ukuta ukisumbua tena watu watamuuliza nani, mheshimiwa? Yeye atajua bomba ziko wapi?

Halafu tusijifanye kwamba kuita mahali jina la mjenzi ni jambo geni hapa mjini. Salenda ile tunayokaa nayo kwenye foleni kila asubuhi, daraja la mwaka 1929, ni jina la bwana mmoja John Einar Selander aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma enzi za Mwingereza. Mkoloni katoka, daraja jipya la Tanzanite limejengwa pembeni yake, na bado konda anapiga kelele "Salenda shusha!" Pale Tazara flaiova ilifunguliwa Septemba 2018 ikapewa jina la mhandisi Patrick Mfugale, bosi wa Tanroads, na alikuwepo hai akashuhudia. Ubungo mwaka 2021 ikawa Kijazi, na marehemu Balozi Kijazi alikuwa mhandisi. Mimi niliyapenda majina hayo yote mawili, nasema kweli, niliona angalau safari hii wamekumbuka watu wa kazi. Ila mnaona wote ni wahandisi, watu wa mezani na ramani. Hao sawa. Ngazi inashuka inaishia wapi? Mwenye karai hajawahi kufikiwa.

Na mji huu hauna ubahili wa majina, ndo kinachouma. Tuna Magomeni Mapipa, tuna Buguruni Sheli, Tabata kuna Dampo, Mbagala Rangi Tatu. Mnazi mmoja, mti mmoja tu, umepewa viwanja na hospitali. Mapipa yana jina, kituo cha mafuta kina jina, halafu mtu aliyesukuma toroli miaka mingi mnasema utaratibu hauruhusu.

Kariakoo yenyewe, kila mtu anajua, imetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza kwenye vita vya kwanza vya dunia, kambi yao ilikuwa pale. Na Sanamu ya Askari pale Posta tangu 1927 maandishi yake yanawataja na wapagazi pia. Lakini nitajie mmoja. Hata mmoja. Kazi yao imekuwa jina la soko maarufu kuliko yote nchini na wenyewe hakuna anayewajua kwa majina. Na soko hilo hilo ukitazama lile paa lake lililochongwa kama miamvuli iliyogeuzwa juu chini, linakinga maji ya mvua linayashusha kwenye matangi ya chini, aliyelichora ni Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Mimi nimenunua viatu na mitumba Kariakoo toka naanza kutembea na jina la Amuli nimelijua nikiwa mtu mzima, tena baada ya soko kuungua 2021 ndo watu wakaanza kulitaja. Tunasubiri kitu kiungue ndo tuulize nani alikijenga.

Kwa hiyo ndugu zangu "Kwa Fundi" na lenyewe likiachwa hivi hivi litakuwa Kariakoo ya pili. Watoto wa wanangu watajua palikuwa na fundi, basi. Fundi gani? Fundi cherehani, fundi simu, fundi redio?

Niseme na yale yaliyosemwa kwenye mkutano wa mtaa maana najua mmepelekewa nusu nusu. Mmoja alisema mtu aliye hai hapewi jina. Mfugale nimeshamtaja, sirudii. Mwingine akasema huyu mzee sio wa hapa, ni mtu wa kuja. Jamani, Dar hii? Tukianza kutafuta nani sio wa kuja tutabaki watu wangapi kwenye mkutano? Selander alikuwa Mzaramo? Wa tatu, na huyu ndo aliniudhi, akasema mzee alilipwa. Kalipwa na nani, leteni risiti. Kilichokuwa kinalipwa pale ni barafu ya ukwaju na alikuwa anailipa yeye.

Halafu kuna hoja moja ambayo niliiheshimu, mama mmoja alisimama akasema mbona hatuwataji waliomsaidia, waliotoa masalia, waliopika uji siku za kumwaga zege. Ni kweli. Mimi binafsi sikuwa na jibu pale na mpaka sasa nafikiria, labda chini ya jina lake iandikwe kwamba amejenga pamoja na wakazi wa mtaa. Mama alikubali nusu nusu.

Na tukumbushane, mwaka 2022 kabla ya sensa wakati wa zoezi la anwani za makazi nyie nyie mlikuja mkatuambia wananchi wapendekeze majina ya barabara zao. Tulikaa pale pale kwenye mabenchi ya mzee tukapendekeza, vibao vikaja, nguzo zikasimama. Uchochoro wetu una jina la ua. Kwa hiyo uwezo wa kutusikiliza mnao, mlishafanya, na hakuna kilichoharibika. Safari hii hata kazi ya kutufundisha jina jipya hamna, limeshashika lenyewe, mkandarasi wenu mwenyewe kwenye vocha ya kupokelea mchanga aliandika "peleka Kwa Fundi", nimeiona kwa macho yangu.

Tunachoomba basi. Lile bango libaki limelala kwanza. Suala lirudi kwenye mkutano mkuu wa mtaa, sio kikao cha watu sita, lipande kwenye kamati ya maendeleo ya kata halafu ndo liende baraza la madiwani na muhtasari wenye sahihi zetu. Jina liwe Kwa Fundi kama linavyoitwa na chini yake jina lake kamili. Hilo jina kamili lipo kwenye barua tuliyowaletea, ile iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, humu mtandaoni siliandiki kwa sababu mwenyewe kakataa, anasema watu wasiomjua watampigia simu kumpongeza halafu mwishoni waombe kujengewa choo kwa bei ya undugu. Kibao tutachanga wenyewe, tumeshapata bati na mchoraji ni kijana wa hapa hapa anayechora nyuma za bajaji. Mheshimiwa naye kama anapenda sana kutoa jina basi ile bembea haina jina, na tunaipenda.

Lingine ni la haraka kuliko jina. Nilipomwendea mzee kumsomea barua hii kabla sijaiweka, maana macho yake siku hizi yamechoka, simenti ya miaka yote ile, alinisikiliza mpaka pale kwenye Selander akanikatisha. Akasema, "Habari za bango mtamaliza wenyewe, mimi niambie matundu wanazibua lini?" Nikamwambia babu hiyo nitaiandika mwishoni. Akasema ningeiandika mwanzoni.

Kwa hiyo naiandika hapa, mnisamehe nimeichelewesha. Bomba ni za inchi mbili, zipo thelathini na moja, yeye anakumbuka kila moja ilipo hata chini ya ile lipu yenu na amesema atakuja kuzionyesha kwa fimbo, hataki hela. Hamhitaji kubomoa ukuta, mtu mmoja na patasi na nyundo anatosha, kwa siku mbili. Mje asubuhi, saa moja mpaka saa nne hivi, baada ya hapo jua linampiga machoni haoni vizuri. Na mje kabla ya masika.